Mpagazi wa Bendi na Kiganja Kinachozima Uzi

Ukisimama kwenye kituo chochote cha basi cha mjini na kuuliza wimbo wa "Dada Asha" ni wa nani, hutakosa mzee wa kukujibu kwamba ni wa Tabora Jazz, na kwamba Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyefariki mwaka 2014, ndiye mwenyewe. Akiwa mpenzi wa muziki hasa, atakuongezea kwamba mtindo wa bendi hiyo uliitwa Segere Matata. Sasa mwulize swali la pili: je, besi alipiga nani? Hapo mzee atakuna kichwa, atatazama juu, halafu atakwambia basi lake limefika.

Ndugu wasomaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kimya hicho. Na nataka tuzungumze pia juu ya kimya cha aina nyingine, kile ambacho mpiga besi mwenyewe alikitengeneza kwa kiganja cha mkono, sauti ikakatika pale pale alipotaka. Mambo hayo mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini kwa mtu aliyekaa Tabora ni mambo yaliyo jirani, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Burton na Speke, Waingereza wawili, waliondoka pwani mwezi Juni mwaka 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Waliikuta tayari ni mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, wenye tembe kubwa na maghala ya pembe za ndovu. Kutoka hapo njia iligawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza na Buganda. Historia ya njia hiyo tumefundishwa kwa majina ya wakubwa: Tippu Tip, Stanley, Livingstone aliyekaa Kwihara, Mirambo aliyewafungia njia Waarabu mwaka 1871. Lakini mzigo haukubebwa na hao. Ulibebwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila zake karibu mbili begani, yaani zaidi ya kilo thelathini, kwa majuma na majuma. Majina yao yako wapi?

Na msafara ule haukwenda kimya. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, ngoma ikipigwa, baragumu likilia, wapagazi wakiimba kwa kupokezana. Ngoma ile haikuwa ya starehe tu. Ilipanga hatua. Mzigo mzito ukiubeba bila mwendo mmoja na mwenzako utakuchosha mara mbili, na wengi mkigongana njiani mtaanguka. Ngoma ikilia mnakwenda, ngoma ikinyamaza mnatua. Kwa mpagazi, mahali ngoma inaponyamaza palikuwa na maana sawasawa na mahali inapolia, pengine zaidi, maana ndipo bega lilipopumzika.

Kila mpiga ngoma wa Unyamwezi, na wa mahali pengine popote katika nchi yetu, analijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Ukiipiga ngoma na kuondoa mkono, ngozi inavuma. Ukiipiga na kuuacha mkono juu yake, sauti inafungwa. Mpigaji hodari anazipanga sauti mbili hizo, iliyo wazi na iliyofungwa, kama mwashi anavyopanga tofali na udongo. Anayepiga sauti za wazi tupu huyo anafanya kelele, na wachezaji watamwondoka.

Sasa tushuke katika karne ya ishirini. Reli ya Kati iliingia Tabora mwaka 1912 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Tabora ikabaki njia panda vile vile, isipokuwa pembe za ndovu sasa zilipita kwenye behewa. Pamoja na asali, karanga na tumbaku, reli ilileta vitu vingine: santuri, gramafoni, magitaa. Zilikuja zile santuri za Kuba zilizouzwa na kampuni ya HMV kwa alama ya GV tangu miaka ya 1930, na baadaye santuri za Kongo kutoka Leopoldville. Vijana wa miji ya reli wakazisikiliza, wakaziiga, kisha wakazigeuza zao.

Matunda yake tunayajua. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Ilikuwa na Tabora Jazz. Na hata Dar es Salaam kwenyewe, mwaka 1959, Iddi Nhende, mtu wa Nzega, aliunda bendi akaiita Western Jazz kwa heshima ya kwao, Jimbo la Magharibi. Hao ndio wa mtindo wa Saboso, waliotuimbia "Rosa". Kwa hiyo tunapotaja muziki wa dansi wa Tanzania, tusidhani yote yalianzia pwani. Nyanda za magharibi zilileta mzigo wake kama zamani.

Lakini ndani ya bendi hizo nani alikuwa mpagazi? Mwimbaji alibeba maneno. Mpiga solo alibeba sifa, na wasichana walimtazama yeye. Mpiga besi alisimama nyuma karibu na ngoma, akabeba kila kitu kilichobaki. Akikosea yeye, bendi nzima inayumba, ingawa wachezaji hawatajua kwa nini miguu imekuwa mizito. Akipatia, hakuna anayemsifu, kwa sababu hakuna anayemsikia. Wanasikia tu kwamba wimbo unakwenda.

Hebu tukiangalie chombo chenyewe. Hapo kale besi ya bendi ilikuwa fidla kubwa ya mbao iliyosimamishwa, na pale ambapo fedha haikutosha ilikuwa sanduku la chai lenye fimbo na kamba moja. Vyombo hivyo viwili, cha tajiri na cha maskini, vina tabia moja: ukikipiga, sauti inatoka nene na kufa upesi. Haingoji kuzimwa. Besi ya umeme ni kitu kingine. Leo Fender wa Marekani alipoitoa ile besi yake ya Precision mwaka 1951, uzi wake mnene uliweza kuvuma muda mrefu kuliko uzi wa fidla ile. Mtu angedhani hiyo ni neema tupu. Fender mwenyewe hakudhani hivyo. Chini ya kile kifuniko cha chuma kinachoziba daraja la gitaa, pale nyuzi zinaposhikiliwa, aliweka kipande cha sponji kikandamize nyuzi ili zisivume mno. Yaani mtengenezaji alitengeneza sauti ndefu, halafu papo hapo akaifunga mdomo.

Kwa nini? Kwa sababu sauti nene zikivuma zote kwa pamoja zinageuka uji. Uzi mnene kabisa wa besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na unaofuata mara 55. Ukiupiga mmoja ukauacha, kisha ukaupiga wa pili, unazo sauti mbili nzito zinazosukumana ndani ya spika moja. Tena nyuzi zina tabia ya kuitikiana: ukigusa mmoja, mwenzake ambaye hukumgusa anaanza kutetemeka mwenyewe. Kwa hiyo mpiga besi ana kazi mbili wakati wote. Mkono unapiga uzi mmoja, na mikono yote miwili inawatuliza watatu waliobaki.

Anayepiga kwa vidole ana nafuu, maana vidole vyenyewe vikitoka uzi mmoja vinaangukia mwingine na kuuzima. Anayepiga kwa kile kipande kidogo cha plastiki, ambacho hapa nitakiita piki, hana nafuu hiyo. Wapiga udi wa Unguja na wa Oman wanacho kifaa cha namna hiyo, wao wanakiita risha, yaani unyoya, kwa kuwa zamani kilikuwa unyoya hasa. Piki inatoa sauti kali yenye ncha, kama kugonga meza kwa ukucha, lakini ukishaishika vidole vyako vimefungwa. Sasa nyuzi utazizima na nini?

Jibu ni kiganja. Unalaza ule ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, juu ya nyuzi pale zinapotoka kwenye daraja. Ukiulaza juu ya daraja lenyewe haufanyi kitu, nyuzi zinavuma kama kawaida. Ukiusogeza mbele mno, uzi unakufa kabisa na unasikia mgongo wa piki tu. Katikati ya hapo pana nafasi ndogo, pengine upana wa kidole, na ndani ya nafasi hiyo ndimo elimu yote iliyomo. Sogea nywele moja, sauti inafupika. Egemea kidogo, inanenepa. Inua kiganja, inafunguka, na wasikilizaji wanashtuka kama dirisha limefunguliwa.

Mkono wa kushoto nao haulali. Kidole kinachobana uzi shingoni kikilegea kidogo tu, bila kuondoka, sauti inakatika safi. Kikiondoka ghafla, uzi ulio wazi unapiga kelele usiyoitaka. Vidole visivyo na kazi vinalazwa juu ya nyuzi nyingine kuzituliza, kama mama anavyomlaza mtoto mmoja kwa mkono huku akimlisha mwingine. Na wapo waliotafuta msaada wa nje: leso iliyokunjwa chini ya nyuzi, sponji, kitambaa kizito. Pale Tabora nilimwona mpiga besi mmoja aliyekata kipande cha ndala ya mpira akakichomeka mbele ya daraja. Nilipomtazama kwa mshangao aliniambia, "Kaka, hii ndiyo inayonifanya nilale na mke wangu kwa amani, maana kiganja hakiumi tena." Piki yake ilikuwa imekatwa kwenye kifuniko cha ndoo ya plastiki. Sauti iliyotoka pale haikuwa na kasoro.

Najua mtu atainuka na kuniambia: mwandishi, unapamba umaskini. Watu hawa walipiga sauti fupi na kavu kwa sababu amplifaya zao zilikuwa mbovu na nyuzi zao zilikuwa kuukuu. Wangekuwa na vyombo vizuri wangepiga kama wenzao wa ng'ambo.

Basi twende huko ng'ambo tukatazame. Mjini Hamburg, Ujerumani, alikuwapo mpigaji aitwaye Ladi Geisler katika okestra ya Bert Kaempfert. Yeye alipiga besi kwa piki, akazifupisha sauti hata zikawa kama punje za mahindi zinazopasuka, na Wajerumani wakaipa besi hiyo jina lake lenye maana ya kupasuka huko huko. Okestra hiyo haikukosa vyombo. Tena, mwaka 1962 Kaempfert alitoa sahani nzima ya santuri iitwayo *A Swingin' Safari* iliyochota kutoka kwela, muziki wa filimbi wa vijana wa mitaani Afrika Kusini. Basi anayesema sisi ndio tuliowaiga azidi kutafuta.

Hollywood alikuwapo mwanamke, Carol Kaye, aliyeanza kama mpiga gitaa la kawaida. Siku moja mwaka 1963 mpiga besi hakutokea studio, akashika besi yeye, na hakuiachia tena. Alipiga kwa piki na kuzibana nyuzi kwa kitambaa kizito ili sauti iwe fupi na yenye umbo. Ni mmoja wa wapiga besi waliorekodi sana kuliko wote katika nchi ile, na miaka mingi wanunuzi wa sahani hawakujua jina lake, kwa sababu halikuandikwa. Kule Nashville nako walikuwa na desturi ya kuweka besi ya mbao pamoja na besi ya umeme iliyozimwa kwa kiganja na kupigwa kwa piki, zote mbili zikipiga noti zile zile: moja iwe mwili, nyingine iwe ukucha.

Kwa nini ukucha? Hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi watu wa redio. Spika ndogo ya redio haiwezi kuitoa sauti ya mitetemo 41 kwa sekunde. Haina kifua cha kufanya hivyo. Msikilizaji mwenye redio ya betri mkononi hasikii ule mvumo wa chini kabisa. Anachosikia ni mguso wa mwanzo na zile sauti za juu zinazofuatana nao, kisha ubongo wake mwenyewe unajaza kilichopungua. Besi inayovuma bila kituo inapotea katika redio ya namna hiyo, au inakuwa ngurumo isiyo na maana. Besi iliyopigwa kwa piki na kufungwa kwa kiganja inapita. Unaihesabu moja moja, hata redio ikiwa imening'inizwa kwenye mpini wa baiskeli katika barabara ya vumbi.

Na muziki wetu wa dansi ulijulikana nchini kwa njia gani kama si redio? Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Shirika la Utangazaji la Tanganyika likafuata mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi kutoka mikoani zilisafiri kuja kurekodi studio, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja mbele ya vinasa sauti vichache, bila nafasi ya kurudia kipande kimoja kimoja kama ilivyo sasa. Katika chumba cha namna hiyo, mpiga besi asiyejua kuzima uzi angeingia katika kinasa cha mwimbaji, angemfunika mpiga solo, na angeharibu siku ya watu kumi. Ninapozisikiliza kanda za wakati ule, sikio langu haliniambii kwamba nasikia ubovu. Linaniambia nasikia watu waliojua watasikika wapi na kwa chombo gani, wakapima sauti yao kulingana na hapo.

Kuna jambo jingine tulilolirithi kutoka zile santuri za Kuba. Besi ya Kuba mara nyingi hailii kwenye pigo la kwanza, pale mguu unapotazamia. Inatangulia kidogo, kisha inaliacha pigo lenyewe tupu. Mchezaji anaanguka katika nafasi ile kwa raha, kama mtu anayekalia kiti alichowekewa. Lakini nafasi hiyo itakuwapo tu iwapo noti iliyotangulia imekatwa kwa wakati. Ikivuma mpaka ndani ya pigo, kiti kimeshakaliwa. Ndiyo maana nasema kuzima uzi ni nusu ya upigaji wenyewe.

Sasa kuna hasara gani nikiyasema haya leo? Hasara ipo, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Siku hizi sauti ya besi katika nyimbo nyingi hutoka kwenye kinanda cha umeme au kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Ni chombo kama chombo kingine, na vijana wanakitumia kwa akili. Ila nimewasikia vijana wanaojifunza besi ya nyuzi wakiambiwa kwamba ubora ni sauti ndefu, nzito, inayotikisa vioo vya daladala. Wanapiga noti ishirini mahali pa nne, na hakuna hata moja waliyoizima. Halafu wanashangaa ukumbi haunyanyuki. Mwalimu wa kuwaambia "funga hapo" hayupo. Naye hayupo kwa sababu hatukujua jina lake alipokuwapo.

Sanduku la santuri linaandika mwimbaji, mtunzi, bendi. Magazeti yetu, nayo nayasema bila kumwogopa mhariri wangu, yamejaza kurasa kwa miaka kuhusu nani kahama bendi gani na kaondoka na mtindo gani, na ni mara chache mhamaji huyo alikuwa mpiga besi. Wanahistoria wa misafara wanapotafuta wapagazi, wanalazimika kuokota jina hapa na jina pale katika madaftari ya mishahara na vitabu vya wageni, na wengi hawatapatikana kamwe. Hilo lilitendeka karne ya kumi na tisa, na waandishi walikuwa wageni. Sisi udhuru wetu ni upi? Wapigaji wa miaka ya 1960 na 1970 waliobaki ni wazee sana sasa. Wengine wako Tabora, Nzega, Kigoma, Urambo, wamekaa vibarazani, na wajukuu wao hawajui kwamba kiganja kile kiliwahi kusimamisha ukumbi mzima.

Kazi yenyewe haihitaji wizara. Anayemjua mpiga besi wa zamani aende na daftari. Aulize jina kamili, bendi, mwaka, na nyimbo gani alipiga. Kisha, kama gitaa lipo, aulize swali moja zaidi: mzee, kiganja uliweka wapi? Atazame kwa macho yake, maana jambo hilo halielezeki vizuri kwa maneno, kama mlivyoona nilivyohangaika nalo hapa. Akiwa na mtoto anayejifunza, ampeleke naye.

Miembe ya Tabora inasemekana ilipandwa na watu wa misafara, kokwa zikaangushwa njiani na waliokuwa wakipita na mizigo yao. Tunakula maembe kila msimu na hatumjui aliyedondosha kokwa. Kwa miembe tumechelewa. Kwa besi, bado tuna muda mfupi.

Mpaka wiki ijayo, Mungu akipenda.